Mwanamke wa Dirisha la Juu

Jumapili moja asubuhi nilitoka katika chumba nilichokuwa nimepanga Kisii mjini, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo wake, nikashika njia. Sikuwa na mpango. Niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kwenda kuona kilichoko nyuma ya kilima; nikishakiona, kuna kilima kingine. Siku hiyo kilikuwa cha Manga. Nilipanda kwa vijia vya miguu, katikati ya migomba na vipande vya mashamba ya chai, nikiwapungia mkono watu wa bodaboda waliodhani kila anayetembea amekosa nauli.

Karibu saa sita nikaona ghorofa kando ya barabara. Ilikuwa na roshani, ngazi ya nje, na dirisha la juu lililo wazi ambapo mwanamke alikuwa ameegemea akiangalia wapita njia. Nikasema moyoni, hapa hapakosi chumba cha mgeni. Nikamsalimia, hakuitikia. Nikaendea ngazi, nikainua mguu, goti likagonga saruji.

Mwenye ghorofa hiyo alitoka mbio. Nilidhani anakuja kunifukuza, kumbe alikuwa amefurahi. Alitaka kujua niliamini nikiwa wapi hasa, kule barabarani au hapa kwenye mti wa avokado. Alikuwa mkulima wa chai wa miaka arobaini hivi, amevaa suti na slipa. Alinieleza bila kunificha: ana chumba kimoja tu. Ukuta wa mbele aliupandisha mara mbili, kisha akamleta kijana anayechora kuta za saluni huko Kisii amchoree ghorofa. Nyuma ya ukuta huo kulikuwa na miti ya mkaratusi ya kuushikilia, na hewa. Mchana huo watu wa upande wa mchumba wake walikuwa wanakuja kuona boma kabla ya kukubali kumtoa binti yao. Wakikataa, alisema, hatapata mwingine; kwa umri wake, hata kanisani walikuwa wameacha kumwombea.

Hivyo nikapata kazi. Tulipanga viti chini ya ule mti, mimi nikikaa na kuinuka, yeye akivisogeza. Ukikaa katikati, ghorofa ilisimama wima. Ukienda hatua tatu kushoto, roshani ilijikunja kama mkeka. Nikawekwa huko kushoto nisimruhusu mtu kupita, na malipo yangu ni chakula na mahali pa kulala.

Wageni walifika saba, wakiongozwa na shangazi wa binti. Binti mwenyewe hakuja. Walikaa walipowekwa, wakasifu nyumba. Mzee mmoja aliomba kuonyeshwa vyumba vya juu, akaambiwa rangi haijakauka, jambo ambalo lilikuwa kweli. Tukaombea chakula, tukala: ugali wa wimbi, kuku, mboga ya chinsaga. Nilianza kuamini tumeshinda.

Shangazi akaacha kutafuna.

"Yule wa juu hali?"

Jamaa mwenye boma akauliza yupi.

"Huyo mama wa dirishani. Tangu tuingie anatuangalia. Hata wakati wa maombi hakufumba macho."

Hakuna aliyemuuliza yeye alijuaje. Shingo zote ziliinuka. Jamaa akasema huyo ni dada yake. Shangazi akasema dada wa mtu hushuka akasalimia wakwe. Jamaa akasema ni mgonjwa. Basi shangazi akasema atapanda amwombee, akaitisha maji ya kunawa.

Niliona jamaa anavyopima mambo. Akibaki na ghorofa, ana mke wa siri. Akimkana mke, ghorofa inakwenda naye.

"Mama," akasema, "huyo ni rangi."

"Na ngazi?"

"Rangi."

Shangazi akaitazama tena ile ngazi. "Na mimi nilikuwa najiuliza nitaipandaje na hili goti langu."

Akainuka, akaweka kiganja ukutani, kisha akazunguka kuelekea nyuma. Sikumzuia. Tulimsikia akitikisa mti mmoja mmoja. Aliporudi aliwaita watu wake kando ya migomba, wakaongea Ekegusii kwa sauti ya chini. Jamaa alibaki amesimama na soda aliyosahau kuifungua.

"Binti yetu amelelewa chumba kimoja," shangazi alimwambia. "Hicho si kitu. Lakini hataishi chini ya mwanamke mwingine, awe wa nyama au wa rangi. Jumapili ijayo nitapita. Nikimkuta hapo juu, ng'ombe wako ubaki nao."

Walipoondoka, jamaa aliniambia hata hakumwagiza huyo mama. Mchoraji alibakiwa na rangi, akamweka kama nyongeza. Nikashauri tumfunike kwa pazia. Akakataa: watasema yuko nyuma ya pazia. Je, tuchore dirisha lililofungwa? Watasema amejifungia ndani. Tulifikiri sana, mwishowe tukakubaliana kwamba pale tutachora ukuta.

Akanitandikia godoro upande mmoja wa chumba, akafunga kamba katikati na kutundika shuka ili kila mtu awe na chumba chake. Kutoka upande wake akaniuliza kama ninaweza kubaki hadi Jumapili. Nikamwambia ninaweza.