Maji ya Kulaza Vumbi

Mbodze wa Mwero mnamjua? Kama hamumjui nitawaambia mimi jirani yake, maana milango yetu inatazamana hapa Kinango tangu tulipoolewa.

Ni mjane, mfupi, mkavu, na ulimi wake usiombe ukuguse. Enzi za mzungu, Bwana Disii, mkuu wa wilaya, alipokuwa akija, tuliamrishwa kupaka chokaa mawe ya kando ya barabara. Sote tulipaka. Mbodze alipaka jiwe lake upande ule unaoonekana tu, akaenda zake shamba.

Uhuru ukaja, tukashangilia mpaka sauti zikatukauka. Mwaka wa pili vuli ikatukimbia, mahindi yakakauka hayajafika magotini. Kila siku ikipata saa nne, upepo unaamka na vumbi jekundu linaingia puani, kwenye unga, hata ndani ya shuka, na mji mzima unakohoa. Maji tulikuwa tukiyafuata bwawani, mwendo wa saa tatu kwenda tu. Katika ng'ombe sita wa Mbodze, watano walikufa. Aliyebaki alikuwa na mimba, na Mbodze alimwekea debe moja la maji ya siku ya kuzaa chini ya kitanda chake mwenyewe, akilichungulia kila alfajiri.

Ndipo Chifu Garama akatuita barazani. Mkubwa wa afya anakuja kutoka Mombasa kutufundisha habari za hewa safi.

"Haiwezekani mgeni wetu avute vumbi," akasema. "Kila nyumba ilete debe moja la maji, tulilaze vumbi la barabara."

Ala! Tukatazamana. Kisha, wallahi, tulikwenda. Hata mimi nilikwenda, sitaki kujitoa. Nililimwaga debe langu mchangani, likaisha kabla sijainua kichwa.

Mbodze hakuja. Chifu akamfuata hadi mlangoni, nami nipo uani kwangu nasikia kila neno.

"Mama, debe lako liko wapi?"

"Hujaniamkia, Chifu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mawe ya mzungu yalikuwa afadhali. Hayakuwa yakinywa maji."

"Basi mgeni akishaondoka, ng'ombe wako namtia kwenye boma langu. Tutaona kama huo ulimi utakukamulia maziwa."

Chifu akaenda zake. Mbodze akaingia ndani, nikamsikia akilia, na Mbodze si mtu wa kulia ovyo. Roho iliniuma sana.

Siku ya mgeni ikafika. Alitarajiwa saa nne, akatokea saa nane. Barabara ilikuwa imekauka zamani, na motokaa zake tatu zikatimua vumbi mpaka hatukuonana. Akapanda jukwaani pale sokoni.

"Ndugu wananchi, hewa..."

Kikohozi kikamshika. Akakohoa mpaka macho yakamtoka, akaashiria kwa mkono apewe maji.

Maji! Yatoke wapi? Soko zima halikuwa na tone. Chifu akanyakua gilasi iliyokuwa mezani, akatoka mbio kuelekea kwa Mbodze. Na mimi, umbeya ndiyo kazi yangu, nikapita njia ya mkato nikachungulia kwenye ua.

Mbodze alikuwa zizini. Ndama alikuwa amezaliwa adhuhuri ile ile, bado anatetemeka, na mama yake ametumbukiza mdomo karaini, anakunywa.

"Mama, nakuomba, kidogo tu! Mgeni atatufia!"

"Debe lote nimemmiminia yeye. Maji ni yake, muombe mwenyewe."

Chifu Garama, mtu wa kofia ya serikali, akachuchumaa mbele ya ng'ombe akangoja. Ng'ombe alipoinua kichwa kuvuta pumzi, chifu akachota upesi, akatoa unyasi kwa kidole, akakimbia.

Mgeni aliyanywa yote. Akajifuta mdomo, uso ukamng'aa.

"Nani aliyeniambia Kinango hakuna maji? Maji matamu namna hii!"

Tukapiga makofi, na midomo yetu imepasuka kwa kiu. Chifu alipiga kuliko wote, huku akitupa jicho upande wa nyumba ya Mbodze.

Habari ya kumchukua ng'ombe haikusemwa tena. Kesho yake, jua halijatoka, askari wa chifu alibisha hodi kwa Mbodze na debe la maji begani, akasema ni salamu tu kutoka kwa mkubwa wake. Akaja na kesho kutwa, na siku zote mpaka masika. Sisi tuliotii tuliendelea kwenda bwawani.