Sakafu Safi ya Gereji ya Lindi

Wazungu wa mradi wa karanga walipoanza kufungasha kule Nachingwea, waliuza kila kisichoingia kwenye sanduku: vitanda, majokofu, hata mbwa. Mmoja wao aliuza gari la spoti, jekundu, la viti viwili, lisilo na paa, na tumbo lake liko shubiri moja tu kutoka ardhini. Katika jimbo zima la kusini hapakuwa na mtu aliyelihitaji gari lile, kwa hiyo nililinunua mimi. Nilikuwa karani wa Boma pale Kilwa Kivinje, nimesoma hadi sekondari, na niliona si heshima mtu wa elimu yangu kuendelea kupanda baiskeli. Niliuza minazi niliyoachiwa na marehemu baba. Minazi ilikuwa na kasoro moja kubwa, haikuwa na honi.

Barabara ya kutoka Kilwa kwenda Lindi wakati ule ilikuwa mchanga, halafu mawe, halafu udongo mweusi ambao ukilimeza lori masika huliachia kiangazi. Mtu mwenye akili zake angetafuta namna ya kuliinua gari. Mimi nilitaka lishushwe. Katika magazeti ya Kiingereza yaliyotupwa na Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa Boma letu, nilikuwa nimeona magari ya mashindano yamelala chini kama mijusi, nikaamua langu nalo lilale. Tena injini iongezwe nguvu, na bomba la moshi liachiwe lingurume, ili Kivinje nzima ijue kuwa nimetoka ofisini kabla sijafika nyumbani.

Ikabaki kazi ya kuchagua gereji ya kuaminika, na kazi hiyo niliifanya kwa makini yote ya mtu aliyesoma.

Kivinje ilikuwapo gereji moja, banda la makuti nyuma ya soko, na mwenyewe alikuwa mtani wangu. Watu wa kwao na watu wa kwetu walipigana zamani, wakapatana, na tangu hapo wana ruhusa ya kutukanana bila kukasirika. Anayetaniwa akikasirika, au hata akijitetea kwa dhati, aibu ni yake. Fundi huyu alitunza malori mawili ya tajiri mmoja wa ufuta, Mhindi aliyehamia karibuni kutoka Mombasa. Malori hayo ndiyo yaliyomlisha yeye, mkewe na watoto wao watano. Magari mengine ya Kivinje yalihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Alilizunguka gari langu, akajilaza chali chini yake.

"Mtani," alisema huko chini, "mbona lenyewe linaatamia kama kuku? Ukitaka lishuke zaidi nikutolee magurudumu, ulivute kwa kamba."

"Fanya unaloambiwa, mla panya we."

"Utakwenda nalo wapi?"

"Lindi, na kurudi."

"Kwa njia ipi, ya angani?"

Alitoka akijifuta mikono kwa tambara ambalo lilikuwa chafu kuliko mikono. Akasema angesafisha kabureta, abadilishe plagi, aongeze ubapa mmoja wa chuma kwenye kila springi ili gari liinuke, na afunge bati nene chini ya injini kulikinga bakuli la oili na mawe. "Kushusha sishushi," akamaliza.

Niliitazama sakafu yake, mchanga mweusi wa oili na makopo yaliyojaa nati. Niliitazama mikono yake, myeusi hadi viwikoni. Nikahitimisha kuwa fundi anayekataa agizo la mteja hajui kazi, na mengine yote aliyosema nikayafanya utani. Ni njia nzuri sana ya kutosikia. Ukiambiwa ukweli na mtani, unacheka na kwenda zako.

Nilikwenda Lindi. Gereji ya Lindi ilikuwa na sakafu ya saruji iliyofagiliwa ikang'aa. Spana zilitundikwa ukutani kwa ukubwa wake, kama wanafunzi mstarini. Fundi mkuu alivaa koti jeupe, na mikono yake ilikuwa misafi kuliko yangu, mimi niliyefanya kazi ya kalamu. Angekuwa daktari ningesema sawa. Kwa fundi wa magari nilipaswa kujiuliza nani humfungulia nati. Sikujiuliza.

"Nataka lishushwe," nilisema.

"Litashuka, bwana mkubwa."

"Na nguvu iongezeke."

"Itaongezeka."

"Na mngurumo."

"Wataamka Mikindani, bwana mkubwa."

Hakuniuliza ninaishi wapi wala nitapita barabara gani. Nilifurahi mno. Mtu asiyeuliza, nilidhani, ni mtu anayejua.

Siku ya kurudi gari lilinguruma kweli. Kuku walikimbia, mbuzi walikimbia, na bibi mmoja kando ya njia aliinua viganja kuniombea dua, nami nikampungia mkono nikidhani ananisalimu. Karibu na Kiswere jiwe lilipasua bakuli la oili. Sikusikia kitu, maana mngurumo nilioutaka mwenyewe ulifunika kila sauti. Niliendelea kwa madaha mpaka injini ikaishiwa oili, ikakwama, ikanyamaza.

Wavuvi wawili waliokuwa wakipita walisimama kulitazama.

"Limekufa?" aliuliza mmoja.

"Halijafa," alisema mwenzake. "Limechoka kupiga kelele."

Lori la tajiri wa ufuta ndilo lililonivuta hadi Kivinje, nikaingia mjini siku ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini, ili asikose mtu kuniona. Tulisimama mbele ya duka la tajiri mwenyewe. Barazani walikaa watu sita au saba, mtani wangu akiwa mmoja wao.

"Pole," alisema tajiri. "Nani alikutengenezea?"

Jibu la kweli lilikuwa maneno matatu tu: nilikwenda Lindi, nikadanganyika. Sikuyaweza. Nikamnyooshea kidole mtani wangu.

"Nani tena kama si huyu? Akigusa injini tu, injini inatoa shahada."

Baraza zima lilicheka. Mtani naye alicheka.

"Kwa hiyo ni wewe?" tajiri alimuuliza.

"Ni mimi," alijibu, kama utani unavyotaka. "Nimezika nyingi. Imebaki ya kichwani mwake, nayo sijaiona."

Watu wakacheka zaidi. Tajiri hakucheka. Alikotoka hakukuwa na watani. Alichosikia ni lawama mbele ya mshtakiwa, na mshtakiwa akakiri. Wiki ile ile malori yake yalianza kupelekwa Lindi.

Nilijua sababu tangu lori la kwanza lilipoondoka. Nilijiambia yatarudi. Mzaha ule nikaurudia barazani karibu mwezi mzima, kwa sababu ulichekesha. Wakati huo mtani, akiwa hana kazi nyingine, aliishusha injini yangu, akaziba bakuli, akainua springi, akafunga lile bati. Nikamtania kuwa ana bahati ya kupata nafasi.

Niliposikia anauza cherehani ya mkewe, nilikwenda kwa tajiri kusema kweli. Nilimweleza yote, jiwe, Lindi, koti jeupe. Alinisikiliza akitabasamu, akaagiza nipewe kahawa.

"Sasa nimeanza kuwaelewa," alisema. "Mwanzo sikujua mambo yenu ya utani. Mwezi jana ulimponda, leo unamsifu."

"Leo si utani, bwana."

"Tena husemi kwa kucheka. Umeuweza hasa."

Malori yalibaki Lindi. Fundi mwaminifu kuliko wote niliowajua alifunga banda, akaomba kazi ya kupaka grisi mashine za mkonge katika shamba moja karibu na Lindi. Nikajitolea kumpeleka kwa gari langu. Alikaa pembeni yangu, sanduku la spana magotini. Tulikwenda njia nzima gari lisiguse chini hata mara moja. Alikuwa amelitengeneza vizuri kuliko nilivyostahili.

Mbele ya lango la shamba nilizima injini. "Mtani," nilisema, "nilidanganya mbele za watu. Mimi ndiye niliyekutoa Kivinje."

Nilisubiri tusi. Lolote lingenitosha, kuhusu kichwa changu, kuhusu mama yangu, kuhusu elimu yangu. Alishuka, akaweka sanduku chini taratibu, akanipa mkono huku ameinama kidogo, kama mtu anavyompa mkono mkubwa wa ofisi.

"Ahsante sana kwa kunileta, Bwana Karani," alisema. "Mungu akufikishe salama."

Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Akachukua sanduku lake, akaingia ndani.