Hilal Alivyokwenda Kuiona Nairobi

Miaka michache baada ya vita vya pili kwisha, Hilal, Mwarabu aliyekuwa na kiduka cha chumvi na mafuta ya taa pale Temeke, aliambiwa na daktari kwamba macho yake hayana dawa. Yangefifia polepole, toka pembeni kuja katikati, na kabla mwaka haujaisha yangezima. Tayari alikuwa akiona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mwanzi: akiutazama uso wa mteja, mizani inampotea, akiitazama mizani, mteja hayupo.

Mkewe Wahiba alimshika mkono mpaka nyumbani. Walipomaliza kula, Hilal akamgeukia.

"Mama Bahiya," akasema, "mie nataka nikaione Nairobi."

Wahiba alidhani amesikia vibaya. Mtu akipewa habari kama ile huomba dua, au hutafuta mganga, au hulia.

"Tuna nani Nairobi?"

"Hatuna mtu. Nataka nikaione tu. Tangu nifungue duka nawasikia madereva wa malori hapa barazani wakiisifu. Taa njia nzima, maduka ya vioo, nyumba juu ya nyumba. Mie nimeona nini duniani? Nimeona magunia."

Wahiba alitaka kumwambia kwamba fedha za kutembea kama hazipo basi hazipo, lakini alimtazama jinsi alivyokuwa akipapasa mkeka kutafuta bilauri iliyokuwa mbele yake, akaisogeza mkononi mwake. Kesho yake alipeleka bangili zake kwa sonara. Duka wakalifunga, funguo wakamwachia jirani yao Tekla, pamoja na binti yao Bahiya.

"Kule ni kwa Wazungu, Mama Bahiya," Tekla alimwonya. "Kila kitu kule ni bei."

"Ndiyo maana nabeba mkate," Wahiba akajibu.

Alibeba mkate wa kumimina, samaki wa kukaanga na kifurushi cha tende. Walisafiri sitahani kwenye meli ya pwani hadi Mombasa, halafu wakapanda treni, daraja la tatu, kwenye mabenchi ya mbao yaliyojaa watu na vikapu. Kadiri treni ilivyopanda bara ndivyo baridi ilivyozidi, nao hawakuwa na nguo nzito hata moja. Wahiba alimfunika mumewe kwa kanga zake zote. Mbuga zilipita dirishani zikiwa na wanyama ambao hakuwahi kuwaona, akawa anawaelezea kwa sauti, na Hilal akigeuza uso huku na huku akiwakosa.

Mle behewani walielekezwa kwa Mwinjuma, mtu wa Bagamoyo aliyekuwa na nyumba ya kupangisha huko Pumwani. Mwinjuma aliwapokea vizuri, akawaulizia habari za pwani moja moja, kisha akataja kodi ya chumba. Wahiba alishika ukuta.

"Kwa kitanda kimoja?"

"Dada yangu, hii ni Nairobi. Mie mwenyewe nikifika kwetu Bagamoyo nakula wiki nzima kwa fedha hiyo. Hapa hata kuni zina mwenyewe."

Akampunguzia kidogo kwa kuwa nao ni watu wa pwani. Hata hivyo, Wahiba alipofungua fundo la kanga na kulipa, alijua kwamba siku walizokusudia kukaa hazitafika.

Jioni ile ile walikwenda mjini kwa miguu, maana basi lilikuwa na nauli. Walifika barabara kuu wakati taa zinawashwa. Wahiba hakuwahi kuona kitu kama kile. Nuru ilikwenda mpaka mwisho wa macho, pande zote mbili, na magari yaling'aa chini yake kama yamepakwa samli.

"Umeona, Baba Bahiya?"

Hilal alikuwa ameinua kidevu. "Naiona. Mbona ni moja tu?"

Wahiba akamshika mashavu kwa mikono miwili, akakigeuza kichwa chake taratibu, taa baada ya taa, pale njiani, watu wakipita na kuwaangalia. "Hii nyingine. Na hii. Na hii hapa." Hilal alicheka kama mtoto. Lakini mvua ikaanza kunyunya, ukumbi wa hoteli walimotaka kujibanza ulikuwa na askari mlangoni aliyewafukuza kwa mkono bila kufungua mdomo, ikabidi warudi Pumwani wakiwa wamelowa. Usiku kucha Hilal alikohoa.

Asubuhi mkate ulikuwa umeota ukungu na samaki walikuwa wamekwisha. Wakarudi mjini hivyo hivyo, kwa kuwa ndicho walichojia. Wahiba alikuwa na desturi moja: hakuingia mahali na mumewe kabla ya kwenda peke yake kuuliza bei, asije akaaibishwa mbele ya watu. Alimwegemeza Hilal kwenye mlingoti wa taa.

"Usiondoke hapa. Naulizia chai."

Aliporudi, mlingoti ulikuwa peke yake.

Alikimbia huku, akakimbia kule, buibui likimnasa miguuni. Alimwuliza mtu mmoja, hakujua Kiswahili, mwingine akamkwepa. Mji mzima ulikuwa ukipita mbele yake kwa haraka, kila mtu na safari yake, na yeye hakujua hata jina la njia aliyosimama. Kama asingempata, angekwenda kumwuliza nani? Angesema amepotelewa na nini?

Akamwona. Alikuwa mbele ya duka kubwa la vioo, amekibandika kipaji cha uso kwenye kioo, na kofia ameivua ili isimzuie, ameishika mkononi imekaa kichwa chini. Kabla Wahiba hajamfikia, mwanamke mmoja wa Kizungu aliyekuwa akitoka dukani alifungua mkoba, akadondosha kitu kwenye ile kofia, akaingia garini. Gari likaondoka.

Hilal aligutuka. Akatia vidole kwenye kofia.

"Mama Bahiya? Ni wewe? Nani kanitilia fedha?"

Wahiba alitazama. Ilikuwa shilingi.

"Mwanamke fulani. Keshakwenda."

Uso wa Hilal ulibadilika. Alikuwa mwenye duka yule. Kila Ijumaa alitoa sadaka barazani kwake kwa mkono wake mwenyewe. "Mrudishie," akasema.

"Nimrudishie vipi? Gari limekwenda."

"Basi mpe maskini yeyote."

"Maskini ni sie, Baba Bahiya." Neno lilimtoka kabla hajalizuia. "Tangu jana hatujala. Nimeuliza chai, hatuiwezi."

Hilal alivaa kofia yake, akainyoosha vizuri. Wahiba alingoja akemewe, na alitamani akemewe, lakini Hilal alinyoosha tu mkono wake ushikwe. Wakaenda wakanywa chai kwa ile shilingi, na mkate wa siagi. Aliinywa yote. Akaomba sukari tena.

Kesho yake wakaanza safari ya kurudi, kabla ya siku zao, kwa nauli ambayo Wahiba alikuwa ameiweka kando. Ndani ya treni, ilipokuwa imekwisha teremka kuelekea pwani na joto limeanza kurudi, Hilal aliuliza, "Kile kilichokuwa kwenye kioo, chenye kung'aa, kilikuwa nini? Nilikaribia kukiona."

Wahiba alijaribu kukumbuka. Alikumbuka kofia, vidole, mgongo wa mumewe. "Sijui, bwana'angu," akasema. "Sikutazama."

Hilal akaitikia kwa kichwa.

Macho yake yalizima kabla ya mfungo. Wateja walikuja kumpa pole, na madereva wakamwuliza Nairobi aliionaje, naye akawaeleza habari za taa, kwa sauti kubwa, kama mtu aliyekaa huko mwaka. Wahiba alikuwa nyuma ya meza akipima sukari. Bangili hazikurudi mkononi mwake, na Hilal, asiyeona, hakuwahi kujua kwamba hazipo.

Siku moja Tekla alikuja kununua kibiriti, akamwinamia na kumwuliza chinichini, "Hebu niambie, mlifaidi?"

Wahiba akampa kibiriti chake.

"Tulifika," akasema.

Tekla alikuwa bado anangoja aendelee, lakini Hilal aliita toka stoo, akitaka kujua debe la chumvi ni lipi, na Wahiba akaenda kumwonyesha.