Simu Inasikia Kiswahili

Jambo lote lilinigharimu franka elfu kumi na nane. Elfu kumi na tano za hati, elfu tatu za taksi: viti viwili, na mimi ninakalia kimoja tu. Nimehesabu tena, ni vile vile.

Binti yangu alikuwa akiningoja Kasapa, kwenye lango la chuo kikuu. Ilikuwa siku ya mwisho ya kujiandikisha, na faili yake ilikosa hati ya kuzaliwa. Basi asubuhi nilikuwa kwenye benchi la ofisi ya komini, manispaa yetu, nikipanga namna ya kushusha bei. Sijawahi kulipa bei ya kwanza, hata ya chumvi.

Mbele yangu alisimama bwana mmoja mwenye koti. Alikuwa ameambiwa "rudi kesho" hadi akachoka. Akainua simu, akaanza kurekodi.

Hapo ofisi nzima ikawa ya Wafaransa. Kwetu kamera ikiwaka, Kiswahili kinatoka nje chenyewe. Mlinzi akamkamata mkono, kwamba ni marufuku: "C'est interdit!" Mwenye koti akajibu kwamba yeye ni raia: "Je suis citoyen!" Kisha wote wawili wakaishiwa, maana Kifaransa chao kilikuwa cha akiba ndogo, wakajazia kwa kusukumana. Mlinzi akapiga kelele kwamba ofisi inafungwa. Nikaona mwaka wa binti yangu ukifungwa pamoja nayo.

Karani, mama wa makamo, alitoka nyuma ya dirisha lake bila haraka.

"Papa mulinzi, achilia mukono ya muntu. Anapiga foto, hapigi muntu."

Watu wakacheka. Mlinzi naye akacheka, mkono ukaachia.

"Na weye baba, ongeya Kiswahili. Ile simu inasikia Kiswahili. Unifilme miye, ufilme dirisha, ufilme bei ile iko ku ukuta. Lakini hawa bamama ba ku benchi, umebauliza?"

Kando yangu mwanamke aliyekuja kuandikisha kifo cha mumewe alikuwa amejifunika uso kwa kitenge. Mwenye koti alimwona kwa mara ya kwanza. Akaligeuzia benchi mgongo.

"Pardon, mama."

Karani akafungua faili ya mwenye koti mbele ya kamera.

"Inakosa sinyatire ya shefu wa karche. Tulipashwa kukuambia siku ya kwanza, hatukukuambia. Juu ya ile, samahani."

Nimebishana bei katika kila soko la mji huu. Sijapata kuona ofisi ikiomba samahani, tena kamera inawaka, tena bila kulazimishwa na mtu. Niliduwaa mpaka nikasahau kwamba zamu yangu imefika.

Karani alizisoma herufi za jina la binti yangu moja moja kabla ya kugonga muhuri. Mimi nilitazama bei ukutani, nikatoa elfu kumi na tano. Nililipa bei ya kwanza.

Mwenye koti alikuwa anaelekea njia ile ile, kwa shefu wa mtaa wake kutafuta ile sahihi, basi tukapanda taksi moja. Kufika kushuka, kumbe ana noti kubwa tu, nikalipia viti vyote viwili. "Nitakurudishia, papa." Sikubishana, binti yangu alikuwa langoni, alinyakua hati akakimbia, na aliandikishwa.

Bwana mwenye koti, ukisoma hapa: ni franka elfu moja na mia tano. Au nitumie ile video, deni liishe. Nataka kumsikia tena yule mama akisema samahani.