Sauti ya Kalunde Ilivyofika Nzega

Aibu hii niliificha kwa majirani zangu hapa Tabora, lakini kwa kuwa Nzega nzima wanaijua, na Dodoma wanaijua, sioni tena ninamficha nani.

Kwetu tuko watatu. Wazazi walipofariki nilikuwa kidato cha pili, nikaacha shule, nikabaki kijijini Kwihara na wadogo zangu, Kalunde na Maganga. Miaka ile nililala fofofo kwa uchovu wa shamba, na Kalunde ndiye aliyeniamsha. Asubuhi moja nikajifanya sijaamka, nikamrekodi kwa simu yangu ya vitufe: "Dada, amka, uji unaungua, na Maganga amekojoa tena."

Kalunde sasa ameolewa Kigoma. Maganga ni karani wa kaunta tawi la Nzega, kwenye kampuni hii hii ya kununua mazao ninayofanyia kazi (mimi nilianza kwa kupika chai, fundi mkuu akaona nauliza maswali mno, akanifundisha, leo kompyuta za matawi yote nazitunza mimi). Siku anaajiriwa aliniomba kitu kimoja tu.

"Dada, kazini usinifanye mtoto."

Nikamwahidi.

Sasa kompyuta zetu si kama za watu wengine. Mezani kuna kioo na kibodi tu. Kompyuta yenyewe inaishi kwenye chumba cha mitambo, kimoja hapa Tabora na kingine Dodoma, vyumba vimeunganishwa na vinanakiliana kila usiku ili kimoja kikizimika kingine kibebe mzigo. Na zote huzaliwa na moja tunayoiita kompyuta mama: ukiibadilisha hiyo leo, kesho watoto wote wanaamka wamebadilika.

Jioni moja, kwa kuwa ile simu ya vitufe ilikuwa inakata roho, nikaihamishia sauti ya Kalunde kwenye kompyuta ya kazini, nikaisikiliza, nikakumbuka moshi wa jiko letu la Kwihara, na nyumba yangu siku hizi ni kimya, hakuna wa kuniamsha, nikaona kwa nini isiwe ndiyo inayonipokea kila asubuhi nikiwasha kompyuta, badala ya kile kikengele chake. Nikaiweka, nikaenda nyumbani na furaha yangu. Kumbe nilikuwa ndani ya kompyuta mama (niliifungua mchana kuweka programu ya mizani, nikasahau kutoka).

Asubuhi simu ikaita.

"Shikamoo, dada." Maganga, kwa sauti ya chini sana.

"Marahaba, mdogo wangu."

"Kizime hicho kitu."

Nzega kompyuta ya kuita foleni nayo ni mtoto wa mama yule yule, tena ina spika kubwa, na ukumbi ulikuwa umejaa wakulima. Nikasikia kicheko, kisha mama mmoja wa kijiji cha Lusu akiuliza pale kaunta, "Baba, Maganga si ndiyo wewe? Pole. Ulishapona?"

Mwenye akili angetulia. Mimi nikawahamishia watu wote Dodoma ili nisafishe Tabora, nikasahau kwamba Dodoma ilishanakili usiku, na kwamba anayehamishwa hutupwa nje, na akiingia upya sauti inaanza tena. Basi Nzega, Igunga, Igalula na Urambo wakaingia kwa mpigo, na Kalunde akawaamsha wote pamoja.

Nikampigia Ndahani, mwenzangu wa Dodoma. Ni Mgogo, mtani wetu tangu enzi za misafara, huruma nilijua sipati.

"Mnyamwezi," akasema, "babu zako walipita hapa na pembe za ndovu begani mpaka pwani, hawakuangusha hata moja. Wewe umepewa mzigo wa sauti tu."

"Ndahani, mdogo wangu anaaibika."

"Najua. Ameshakauka lakini?"

Alicheka huku vidole vinagonga kibodi, akarudisha nakala ya juzi ya kompyuta mama, tukaingiza watu tawi moja moja, kikengele kikarudi.

Jumamosi Maganga akaja. Nilimchinjia kuku. Nikaanza kumweleza nilivyozikumbuka zile asubuhi za Kwihara, godoro limeanikwa ukutani, sisi watatu tunagombea ukoko wa uji, akanikatiza taratibu.

"Dada, wewe unazikumbuka kwa raha. Mimi nilikuwa naogopa kulala. Nilidhani nitaamka na wewe haupo."

Sikulijua hilo. Miaka yote nilidhani anakojoa kwa baridi. Nikamwongezea mchuzi.

Tangu hapo siigusi kompyuta mama bila mtu kusimama nyuma yangu tukasoma kioo pamoja. Na habari za utoto wa wadogo zangu sizitoi mpaka wenyewe waniruhusu. Hii nilimuuliza Maganga. Akasema niiandike, mradi niseme kwamba aliacha kukojoa akiwa darasa la kwanza. Kalunde anasema la tatu.