Dawa ya mahindi na swali la mjamzito wa Kasense

Jamani, leo nimeulizwa swali gumu mbele ya kikao kizima.

Mimi ni bibi shamba. Nilikuwa Kasense nawaeleza wakulima kwamba siku hizi baadhi ya maabara hupima kama dawa ya wadudu inadhuru mimba kwa kutumia mayai ya samaki, badala ya panya wenye mimba. Yai ni angavu, unaona kabisa kiumbe kinavyokua.

Watu wakacheka. "Samaki na mimba wapi na wapi?"

Akasimama dada mmoja mjamzito, bomba la kupulizia dawa bado liko mgongoni.

"Na hii niliyotoka kupuliza kwenye mahindi, waliipima hivyo?"

Nikaitazama chupa ya dawa aliyoninyooshea. Lebo ilishabanduka.

"Sijui, mdogo wangu."

 

Mama mkwe wake, naye alikuwa kikaoni, akamvua lile bomba, akamtwika mwanawe, mume wa dada. "Kuanzia leo utapuliza wewe."

Nikampakia dada kwenye pikipiki, polepole hadi kliniki. Nesi akasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Yapo, yanadunda vizuri.

"Kwa hiyo yuko salama?" dada akauliza.

Mapigo ya moyo hayaonyeshi kama dawa imemdhuru, na dawa yenyewe hatuijui ni ipi. 

Nimefika nyumbani Mazwi, hata buti sijavua.

Nyie mngemwambiaje?