Kibuyu Kilichokuja na Sura ya Maganga

Usiniangalie hivyo, sijalewa. Kila nikianza kulisema hili watu wanauliza kama nilikuwa nimelewa, na ndilo linalonipandisha hasira, maana siku yenyewe nilikuwa sijagusa pombe miaka mingi. Mimi na Maganga tuliacha pamoja, baada ya kumzika mwenzetu aliyekunywa moshi, ile pombe kali ya kuchemsha, akaamka kipofu na hakumaliza wiki. Maganga ni fundi cherehani pale Gongoni, Tabora mjini. Si ndugu yangu wa damu, lakini mseme vibaya mbele yangu uone kama hatutashikana mashati.

Kuacha si kazi. Kazi ni kukaa umeacha. Mimi nilishahamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Isikizya, na huko kila tukitoka shamba la kijiji mtungi unawekwa katikati. Ukikataa wanakutania: "Huyu kaokoka!" "Huyu anaogopa mkewe!" Nacheka, nanyanyuka, nazunguka kijiji kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikishindwa kabisa, napanda baiskeli mpaka Gongoni, tunakaa barazani kwa Maganga na chai ya rangi mpaka kiu ipite. Naye ikimshika, mimi ndiye ninayekaa naye. Ndivyo tulivyoishi.

Sasa sikia. Siku hiyo kiu ilinikaba alasiri. Nikakata njia ya zamani ya wapagazi, ile waliyopita babu zetu na pembe za ndovu mabegani. Jua kali, usiniletee habari za giza na macho kudanganya. Nikamkuta Maganga kasimama kando ya njia, futi yake ya kupimia shingoni kama kawaida, kibuyu mkononi.

"Nilijua utapita," akasema. "Kaa, ndugu yangu. Wanzuki huu."

Wanzuki! Pombe ya asali! "Maganga, una wazimu?"

"Miaka yote hii, bwana. Pombe yenyewe imeshatusahau. Mara moja tu, halafu tunarudi kwenye chai yetu."

Niseme ukweli? Hata sikuwaza kumzuia. Niliwaza, kama Maganga amerudi kwenye pombe, atanywaje peke yake na mimi nipo? Ndivyo nilivyo. Nikanyoosha mkono.

Hapo ndipo nikashtuka. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza, mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Ni kuonyesha hakuna sumu. Maganga hata alipokuwa akilewa hajui jina lake, hilo hakulisahau. Huyu ananisukumia kibuyu moja kwa moja. Nikatazama tena: wanzuki umefunguliwa porini, mchana, na hakuna nyuki hata mmoja. Nani amewahi kuona hilo Tabora?

"Onja kwanza," nikasema.

"Kwa nini?"

Maganga aniulize mimi kwa nini? Hasira zikanipanda, na mimi nikipandwa na hasira mdomo haufungiki. "Mwenye kibuyu huonja kwanza! Maganga angeonja! Ungeonja, ningekunywa, shetani we!"

Hakukasirika. Aliniangalia kwa makini, midomo ikicheza, kama mtu wa kisomo cha watu wazima anayemfuatisha mwalimu. "Huonja kwanza," akarudia polepole. Halafu, niamini, njia ikawa tupu. Hata jani halikutikisika.

Nilikanyaga baiskeli mpaka mnyororo ukalia. Nafika Gongoni, cherehani imesimama, kitambaa bado kiko chini ya sindano. Maganga kakaa sakafuni, ananuka asali.

"Umesahau nini tena?" akaniuliza.

"Nimesahau?"

"Si umetoka hapa sasa hivi na kibuyu chako?" Akaanza kulia. "Nilikataa, bwana. Ukaonja kwanza. Ukanitazama machoni, ukaonja. Nikasema, kama ndugu yangu amerudi, nitamwachaje anywe peke yake?"

Alikunywa msimu mzima wa mvua. Nilimtoa vilabuni begani, nikapigana na wauzaji, nikalala mlangoni kwake. Akaacha tena. Yuko, anashona. Lakini mpaka leo Maganga hapokei kitu mkononi mwangu, hata maji. Tunakaa barazani kila mtu na birika lake, watu wa Gongoni wanatucheka. Nami nikimwona kwa mbali, kabla sijamsalimu, natazama mikono yake.

Kwa hiyo wewe uliyeacha, nisikilize. Atakuja, na atakuja na sura unayoipenda. Kataa, geuka, nenda zako. Usimpe sababu. Mimi nilimpa moja tu, kwa hasira, akaenda nayo moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Maganga.